Mzee Forodha Anaondoka, Neno Letu Bado Liko Kwake

Chuo chetu kilipoteza neno “tatizo” miaka kumi na minne iliyopita, Jumatatu ya kwanza ya muhula, katika kikao cha wafanyakazi, kabla hata chai haijaletwa. Aliyelichukua anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, baada ya kufundisha msamiati wa Kiingereza kwa miaka thelathini na miwili. Mkurugenzi ameniruhusu kuliandika neno hilo mara moja tu katika jarida hili, ili wafanyakazi wapya wajue tunazungumzia nini, na ruhusa yangu nimeshaitumia. Kuanzia hapa nitasema “lile neno” na tutaelewana.

Mimi ni msimamizi wa majengo na vifaa. Wasifu wa wastaafu kwa kawaida huandikwa na katibu muhtasi, lakini yeye alinyang’anywa “mpendwa” na “mchapakazi” mwaka juzi, baada ya kuwaaga wafanyakazi watano mfululizo kwa sentensi zilezile, na bila hayo mawili anasema hajui aanzie wapi. Mwalimu wa hesabu naye aliombwa, akakataa kwa heshima. Ikabaki kwangu, mtu aliyeanza kwa kuchomelea mageti, akajilipia masomo ya jioni hapahapa chuoni, akapanda mpaka akapewa ofisi yenye dirisha. Dirisha lenyewe nililitengeneza mwenyewe, lakini hayo tuyaache.

Mwalimu tunayemuaga alipokelewa hapa akiwa kijana mwembamba mwenye tai moja ya kijani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha wanaoanza. Aliifanya vizuri, ila haikumsumbua vya kutosha, na yeye ni mtu wa kupenda kusumbuliwa. Raha yake aliipata alipohamishiwa chumba namba sita, kwa wanafunzi wa ngazi ya juu: wauguzi, mawakala wa bima, madereva wa malori, watu wazima waliokwisha kujua Kiingereza cha kujikimu wakaona yatosha. Hao ndio wagumu. Anayeanza ana njaa, ukimpa neno analidaka. Huyu wa juu ameshiba. Anaongea bila kukwama, anaeleweka, anacheka panapostahili, na kwa miaka sita hajaongeza neno hata moja.

Wenzake waliwapa watu hao orodha ndefu za maneno mapya, wakayakariri usiku, wakafaulu jaribio asubuhi, na kufika mchana yote yamekwenda na maji. Mwalimu alitazama jambo hilo kwa muhula mzima, halafu akaja na hesabu yake. Mwanafunzi wa ngazi ya juu, alisema, ana maneno kama elfu tano kichwani, lakini yanayofanya kazi ni mia tatu. Mengine yameajiriwa, yanakula mshahara, yamelala. Mimi niliielewa hesabu hiyo siku ileile, maana nimesimamia vibarua. Huongezi watu wengine wa kulala. Unawapa likizo wale wachache wanaobeba kila kitu, kisha unakaa pembeni uone nani atainuka.

Ndivyo alivyofanya. Aliweka meza ndogo mlangoni pa chumba namba sita, na juu yake kopo la biskuti. Siku ya kwanza kila mwanafunzi alieleza kazi yake kwa Kiingereza kwa dakika tano, Mwalimu akisikiliza kwa macho yaliyofumbwa kama mtu anayepimwa shinikizo la damu. Ukimaliza, anafumbua macho, anaandika kwenye kipande cha karatasi lile neno unaloliegemea kuliko yote, analitia koponi, anafunika. Tangu hapo neno hilo si lako. Ukiliropoka darasani, unasimama na kuanza sentensi upya. Unarudishiwa siku utakapoleta maneno saba ya kushika nafasi yake, kila moja likiwa na rafiki zake linaotembea nao, na uyatumie mbele ya wenzako bila kusoma popote. Wanafunzi walimwita Forodha. Mwaka wa tatu jina hilo lilikuwa kwenye mlango, kwa rangi, na aliyeliandika ni yeye.

Kuna muuguzi aliyenyang’anywa “good”. Kwa siku mbili alijikimu kwa kusema kila mgonjwa hakuwa “bad”, Mwalimu akalichukua na hilo. Siku ya tatu muuguzi hakusema kitu. Alikaa na mkoba mapajani akimtazama Mwalimu kama anavyotazamwa mtu aliyekataa sindano. Wiki iliyofuata alikuja na neno la kidonda kinachofunga, neno la homa inayoshuka polepole, neno la mgonjwa aliyeanza kuomba chakula, na neno la mgonjwa aliyeanza kulalamikia chakula, ambaye kwa maelezo yake ndiye aliyepona zaidi. Darasa zima lilipiga makofi. Mwalimu alimrudishia karatasi yake, na muuguzi akaiweka ndani ya pochi, nyuma ya picha ya mama yake.

Si wote walioinuka namna hiyo. Muuza magari mmoja aliponyang’anywa “very” aliamua kupandisha sauti badala yake. Gari likiwa jipya alilisema kwa sauti ya kawaida, likiwa jipya sana alilipigia kelele. Darasa la jirani lilileta malalamiko ya maandishi, nami nikatumwa kupima unene wa ukuta. Mwalimu hakumkataza. Alimwambia tu kwamba wateja wake ipo siku watanunua kwa woga, na baada ya hapo jamaa akaanza kutafuta maneno.

Halafu palizuka magendo. Dereva mmoja wa lori alikuwa bado hajapitishwa mlangoni kwa sababu alijiandikisha kwa kuchelewa, hivyo alikuwa na “thing” yake mfukoni, salama salimini. Wakati wa mapumziko alisimama nyuma ya tangi la maji akiwaazima wenzake: mtu anakuja, anaishika “thing”, anamweleza dereva mambo yake yote kwa raha, anaondoka ametulia. Malipo yalikuwa kalamu. Niligundua biashara hiyo nilipokwenda kukagua koki, nikakuta mhasibu wa kampuni kubwa anazungumza na dereva wa lori machozi yakimlengalenga, jinsi anavyojisikia huru. Nilimpelekea Mwalimu taarifa nikidhani atakasirika. Alifurahi mpaka akakaa chini. Alisema kwamba katika miaka yote ya kazi hajawahi kuona watu wakipanga foleni kwa ajili ya neno.

Mimi mwenyewe nilipita mlango ule. Alinichukulia “strong”. Geti langu lilikuwa hivyo, kufuli hivyo, rangi hivyo, na hata mvua iliyoninyeshea nikija darasani nilisema ilikuwa hivyo. Akanieleza kwamba kwa Kiingereza mvua ni nzito na chai ndiyo yenye nguvu, na ukiyabadilisha utaeleweka, lakini msikilizaji atahisi kama amevishwa viatu mguu wa kushoto kwenye wa kulia. Neno halisafiri peke yake, alisema, lina watu wake, na ukijua neno bila kujua watu wake hujalijua, umelisalimia tu. Nilikaa muhula mzima nikitafuta. Nikapata neno la geti lisilotikisika, neno la kufuli lisilokubali kulazimishwa, neno la chuma kinachopinda bila kukatika, neno la kamba iliyovutwa mpaka inaimba. Nilipoandika barua ya kuomba kazi hapa niliyatumia yote manne. Sijawahi kusahau hilo, na nataka lieleweke kabla sijafika kwenye malalamiko yangu.

Matokeo yapo. Kabla yake, waliofaulu mtihani wa ngazi ya juu walikuwa chini ya nusu. Miaka kumi ya mwisho ni tisa katika kila kumi, na yule wa kumi kwa kawaida ni mtu aliyekataa kutoa neno lake mlangoni. Ametufundishia walimu wengine, amekaa kwenye kamati ya mitihani, amekataa ukuu wa idara kwa sababu neno “idara” halikuwa na rafiki aliowapenda. Mtu aliyewahi kumnyang’anya yeye neno ni mmoja tu, na huyo ni mkewe, aliyemchukulia “kesho”. Mlango wa jikoni kwao ulikuwa umetoka kwenye bawaba kwa muda mrefu, na kila akiulizwa alijibu kwa neno hilo. Mama alilichukua siku ya Jumapili baada ya chakula. Mlango ulitengenezwa jioni ileile, na dada yangu, ambaye ni jirani yao, anasema tangu siku hiyo nyumba ile haina kitu kibovu. Mama huyo ametangaza kwamba siku mumewe akistaafu atamrudishia “kesho” yake, kwani sasa ataihitaji. Naomba wasomaji wamwangalie vizuri mama huyo. Alichukua, akasubiri, anarudisha.

Sasa nije kwenye kikao. Mkurugenzi alikuwa akitueleza hali ya chuo. Maji yalikuwa na lile neno. Umeme ulikuwa na lile neno, ratiba ilikuwa nalo, wanafunzi walikuwa nalo, na lile neno kubwa kuliko yote ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa akileta suluhisho la lile neno. Mwalimu alinyoosha mkono. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba sisi sote tuliokaa pale ni wanafunzi wa ngazi ya juu wa lugha yetu wenyewe, na tumekwama palepale wanapokwama wa kwake. Akatoa kopo kwenye mfuko wa plastiki, akaandika, akafunika. Mkurugenzi wetu ni mama anayeheshimu mbinu za ufundishaji. Siku iliyofuata likatoka tangazo lenye muhuri: lile neno halitatumika chuoni, kwa mdomo wala kwa maandishi, mpaka Mwalimu atakaporidhika kwamba wafanyakazi wamepata mengine ya kutosha. Na kama ilivyo sheria ya chumba namba sita, aliyelichukua ndiye pekee anayeweza kulirudisha.

Niseme ukweli, mwaka wa kwanza ulikuwa mtamu. Zamani mtu alikuja ofisini kwangu akasema choo kina lile neno, nami nikabeba sanduku zima la vifaa kama ninakwenda vitani. Sasa alisimama mlangoni, akafikiri, akameza mate, kisha akasema tangi la choo cha pili halijai kwa sababu boya limepinda. Nilikwenda na koleo moja. Theluthi ya muda wangu wa kazi ilirudi mikononi mwangu. Hata ugomvi wa ofisini ulipungua, maana mtu akikatazwa kusema kwamba mwenzake ni lile neno, analazimika kutaja kosa lenyewe, na wengi walipolitafuta hawakuliona.

Kisha watu wakaigundua “changamoto”. Ndani ya mwezi mmoja chuo kizima kilikuwa nayo. Boya la choo lilirudi kuwa changamoto, nami nikarudi kubeba sanduku. Mwalimu aliichunguza siku chache, akasema huyu ni yuleyule amevaa tai, akaitia koponi. Wakahamia “kikwazo”, kikaishi wiki mbili. Baada ya hapo karani wa masjala akaja na ubunifu wake: palipotakiwa lile neno, alikohoa. “Bwana Fundi, printa ina...” halafu kikohozi kifupi cha kiungwana. Kila mtu alielewa, na kila mtu akaiga. Mwalimu alisimama mbele ya karani yule na karatasi na kalamu mkononi, akasimama sana, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameshindwa, kwa sababu hakujua kikohozi kinaandikwaje. Vikao vyetu vilijaa kukohoa. Afisa wa afya aliyetutembelea siku moja alikaa nusu saa kwenye kikao cha bajeti, akaondoka bila kunywa chai, na wiki iliyofuata tukapelekwa sote kupigwa picha za kifua. Mapafu yetu yalikuwa safi. Afisa alisema hajawahi kuona kikundi chenye afya nzuri namna ile kikikohoa kwa hasira namna ile.

Hayo yote ningeyavumilia. Ninayoshindwa kuyavumilia ni mambo ya Bodi.

Bodi inayotusimamia hututumia fomu ya ukaguzi kila baada ya miaka miwili. Sehemu ya nne, kichwa chake ni lile neno kwa wingi, na chini yake kuna kisanduku. Mkurugenzi aliamua kwamba kisanduku cha neno tusilo nalo hatuwezi kukijaza, ingekuwa sawa na kupokea barua za jirani. Tukakiacha cheupe. Mimi niliandika kila kitu kwenye sehemu ya “Mengineyo”, kwa vipimo: urefu wa ufa, upana wa ufa, aina ya mbao, hali ya kila mbao. Niliandika kwa ufasaha ambao Mwalimu mwenyewe aliusifu. Nilipopiga simu Bodi kuuliza kama wameyaona, mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole aliniambia kwamba “Mengineyo” hawaisomi, huko watu huandika salamu. Wao hutazama sehemu ya nne. Vyuo vilivyojaza hupata mafundi na saruji. Vilivyoacha wazi hupata pongezi.

Tumepata pongezi kwa fomu saba mfululizo. Mara ya tano walituletea cheti chenye fremu ya dhahabu. Kwa kuwa maandishi yake yaliishia kwa lile neno, Mkurugenzi aliagiza nilifunike kwa plasta kabla sijakitundika, kwa hiyo ukiingia ukumbini utasoma: CHUO BORA KISICHO NA. Wageni husimama hapo wakisubiri. Nilikitundika upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia ukuta ulikuwa umelowa.

Na paa linalovuja kuliko yote ni la chumba namba sita. Mwalimu hakulichukia hata kidogo. Alilifanya somo. Mvua ikianza alipanga ndoo nne katikati ya darasa na kuwataka wanafunzi waeleze kila ndoo inapokeaje. Kuna maji yanayodondoka, kuna yanayochuruzika, kuna yanayotiririka, kuna yanayopenya kimyakimya huku ukuta ukibadilika rangi, kuna yanayobubujika, na kwa kila hali hiyo Kiingereza kina neno lake na neno hilo lina watu wake. Hakuna chuo chochote chenye wahitimu wanaojua maneno ya uvujaji kama wetu. Mmoja wao sasa ni mkaguzi wa bima ya nyumba, na inasemekana ripoti zake husomwa kwa sauti ofisini kwao, watu wakiwa wamenyamaza. Nilipoleta ngazi kuziba tundu la ndoo ya tatu, Mwalimu aliniomba nisubiri mpaka mwisho wa muhula, kwa sababu wanafunzi walikuwa bado hawajaimaliza.

Mwezi uliopita nilipanda juu na fundi wa paa. Boriti kuu imeoza upande wa kabati la vitabu. Fundi aliichoma na bisibisi ikaingia kama kwenye sabuni. Alisema haitamaliza msimu huu wa mvua, na akashuka kwa uangalifu ambao sikuupenda. Chumba kingine hatuna; muhula mpya unaanza Jumatatu, na walioandikishwa wamejaza viti vyote.

Kiti cha mbele, cha pili kutoka ukutani, chini ya boriti hiyo hasa, anakaa binti yangu.

Nieleze kidogo, kwa sababu na hilo ni la Mwalimu. Nyumbani kwetu tuna desturi ya kuzungumza Kiingereza wakati wa chakula cha jioni, ili nisipoteze nilichokilipia. Kwa miaka miwili nilimuuliza binti yangu hali yake, naye akanijibu “fine”. Mama yake akimuuliza, “fine”. Kazi, “fine”. Usingizi, “fine”. Mimi nilikuwa naridhika, nahesabu kwamba nina mtoto asiye na mzigo. Kisha akajiandikisha chumba namba sita, na jioni ya kwanza akarudi bila neno hilo. Nilimuuliza hali yake. Kijiko chake kikabaki hewani. Halafu akatafuta maneno, moja baada ya lingine, akayapanga mbele yangu kama mtu anayetoa vitu mfukoni: kwamba amechoka na hakuchoka mwili, kwamba kazini wanamwiga anavyoongea, kwamba amekuwa akila chakula cha mchana peke yake ndani ya ghala, kwamba hakutaka nijue kwa sababu mimi nimejitengeneza mwenyewe na ningemwambia ajitengeneze. Niliweka kijiko chini. Tangu siku hiyo tunazungumza. Amebakiza maneno mawili katika saba, Mwalimu amekubali kuja kumsikiliza hata akishastaafu, na ameniambia wazi kwamba hatahamia chuo kingine mpaka arudishiwe lake, hata paa likiwa mapajani mwake.

Kwa hiyo nilimfuata Mwalimu. Mara ya kwanza nilimkuta kwenye korido, nikamwomba arudishe lile neno kabla hajaondoka. Aliniuliza nina maana gani ninaposema kurudisha. Mara ya pili nilimkuta akifungasha, na kopo la biskuti lilikuwa tayari ndani ya boksi, limefungwa kwa gundi ya karatasi. Alisema ni mali yake binafsi, na kwamba wafanyakazi bado hawajafika kiwango, bado wanakohoa. Mara ya tatu nilimpeleka chumba namba sita, nikamwonyesha boriti kwa tochi. Nilimweleza kila kitu: imeoza upande gani, kwa kina gani, imebeba uzito gani, nani anakaa chini yake. Alisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Nikadhani nimempata.

“Fundi,” akasema, “umelieleza vizuri namna hiyo, lile neno unalitakia nini tena?”

Nikamjibu, “Kwa sababu wenye saruji hawasomi, Mzee. Wanatazama kisanduku.”

Nilimwona akitazama juu, kisha akitazama kiti cha mbele. Midomo ikamcheza. Halafu akasema kwamba “wanatazama” ni neno nililolichagua vizuri, akanishika bega, akaenda kufunga boksi lingine.

Mwalimu ni mtu mwema, na alichosema si upuuzi. Nimekifikiria nikiwa juu ya ngazi na nikiwa chini ya ngazi. Ni kweli kwamba lile neno ni la kivivu. Haliniambii boya limepinda, haliniambii mtoto anakula peke yake ghalani. Anayelisema anaweza kuwa hajui chochote. Lakini Mzee wetu amekaa miaka thelathini na miwili na watu waliolipa ada ili wasikilize, na amesahau kwamba nje ya chumba namba sita wengi hawana muda huo. Kwa hao, neno la kivivu ndilo kengele. Kengele haielezi moto umeanzia wapi. Inaamsha watu, wakishaamka ndipo unawaeleza kwa ufasaha wako wote. Sisi tumebaki na maelezo mazuri kuliko chuo chochote, na hatuna kengele.

Mkurugenzi nimemwendea pia. Amesema moyo wake uko nami, lakini tangazo ni tangazo na lina sahihi yake. Atafunga bahasha ya Bodi Ijumaa saa nne asubuhi, tarishi akiwa mlangoni. Kisanduku cha sehemu ya nne kitakwenda cheupe au kitakwenda kimeandikwa. Fomu nyingine itakuja baada ya miaka miwili, na boriti haijui hesabu hiyo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, basi, tunamshukuru Mwalimu. Tunamshukuru kwa wauguzi wanaojua kutofautisha kupona na kupona. Tunamshukuru kwa mapafu yetu, ambayo sasa tunajua ni mazima. Mimi namshukuru kwa barua ya kazi na kwa meza yangu ya chakula. Sherehe ya kumuaga itaanza Ijumaa saa nane mchana ukumbini, karibu na cheti. Zawadi ni kiti cha kupumzikia nilichokichomelea mwenyewe, na kama kuna anayetaka kujua kikoje, nina maneno saba ya kukieleza.

Mwalimu, tunakuombea siku ndefu, magoti yasiyolia, na mama mwenye kukukumbusha. Upumzike vizuri, umestahili. Lakini jarida hili linatoka Jumatano, na utalisoma, kwa sababu husoma kila kitu. Nataka jibu mezani kwangu kabla ya saa nne asubuhi ya Ijumaa, bahasha haijafungwa. Unalirudisha au hulirudishi? Usiniulize maana ya kurudisha, usisifu sentensi yangu, usinishike bega. Ndiyo au hapana. Hayo mawili hujayachukua.